Mbao za Jirani Yangu

Mwenye nyumba wetu pale Kitshanga hakuniuliza jina siku ya kwanza. Aliniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia wawili, wasichana, na kwamba mume wangu yuko machimboni upande wa Walikale, anakuja mara moja moja. Akaridhika. Akanionyesha chumba na sebule haraka haraka, kisha akanipeleka nyuma kunionyesha choo, akisimama mbele yake kwa fahari ya mtu anayeonyesha ng'ombe wa maziwa.

Hapo nikaielewa hesabu ya ule mji. Ardhi yake ina mawe chini, kuchimba shimo ni kazi ya majuma, na shimo likijaa mwenye nyumba ndiye anayelia. Kwa hiyo mpangaji hupimwa kwa choo. Mwenye watoto wawili anakaribishwa karibu na soko na barabara ya pikipiki. Mwenye watano anaambiwa nyumba imeshachukuliwa, hata kama mlango uko wazi na ndani hakuna hata kiti.

Mimi nilizaliwa Itebero, msituni, ambako hakuna aliyelipia mahali pa kulala. Baba yangu alijenga nyumba yetu na ndugu zake kwa siku chache. Alikuwa mtu wa kanisa, lakini kabla ya kusimamisha mti wa kwanza alimwaga pombe kidogo kwenye shimo lake kwa ajili ya wazee waliotangulia, halafu akaomba kwa jina la Yesu, na hakuona ubaya wowote katika kuchanganya hayo mawili. Nilipokuja Kitshanga kufundisha shule ya msingi na kuambiwa habari ya kodi, na juu yake garantii, fedha ya miezi kadhaa inayolipwa mbele kabla sijatundika hata pazia, nilidhani wananitania.

Jirani yangu alikuwa mwanamke wa upande wa Butembo, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, muuza chumvi, sabuni na samaki wakavu. Alikuwa na watoto sita wake na wawili wa marehemu dada yake. Jumla wanane. Kiwanja alichokaa kilikuwa cha mwenye nyumba wangu huyohuyo, na sijui alimkubali vipi. Labda alipofika walikuwa wachache. Lakini tofauti yangu na yeye ilikuwa hii: mimi nilikodi ardhi na nyumba. Yeye alikodi ardhi tu. Nyumba ilikuwa yake, ya mbao za mikaratusi, na katika eneo lile lote la Masisi mbao ni za aliyezinunua. Ukifukuzwa unang'oa nyumba yako na kuondoka nayo.

Nilimwonea wivu tangu juma la kwanza. Nasema wazi kwa sababu sina sababu ya kuficha tena. Niliuonea wivu mlango wake uliopakwa rangi ya buluu. Niliyaonea wivu mabati yake, ambayo mvua ilipiga juu yake kwa sauti nzuri, wakati yangu yalivuja juu ya madaftari ya wanafunzi. Niliona uchungu hata kwa jinsi watoto wake walivyogongagonga misumari ukutani kutundika nguo bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi nilipotaka kupigilia msumari mmoja wa kutundika kalenda, ilibidi nimtafute mwenye nyumba hadi sokoni.

Na yeye hakuwa na habari. Aliniita mwalimu, akaniletea chumvi bila kupima, akawatuma wanangu dukani kwake kama wake. Mtu mwema anachosha sana ukiwa unamwonea wivu.

Kisha mwenye nyumba akamfukuza. Choo kilikuwa kimejaa, na tena wafanyabiashara walikuwa wanatafuta viwanja karibu na soko. Watu waliokimbia vita walikuwa wamerudi, wengine walikuwa wamekuja kwa mara ya kwanza na kubaki, na kila kipande cha ardhi kilikuwa kimepata wachumba. Alimpa jirani mwezi mmoja. Mungu anisamehe, nilipika maharage siku ile nikiimba.

Wimbo wangu haukufika mbali. Katika mwezi uleule jirani alipata kiwanja chake mwenyewe. Kule juu, nyuma ya kilima, chifu alikuwa ameanza kuwagawia watu shamba la zamani, kwa mbuzi na malipo ya polepole, kwa sababu barabara ilikuwa mbovu na maji yalikuwa chini bondeni. Hakuna mfanyabiashara aliyepataka. Waliopanda ni wale ambao mji uliwakataa, yaani wenye watoto.

Alasiri moja, baada ya zamu yangu ya asubuhi shuleni, nilipanda kupaona. Nilitumaini kuona matope na huzuni. Matope yalikuwepo. Lakini watoto walikuwa kila mahali, wakubwa wakibeba wadogo, na shule ya mbao ilikuwa imefunguliwa, madarasa yamejaa hadi wengine wanasikiliza dirishani. Mwalimu wao alinisalimia, akalalamika kwamba wanafunzi ni wengi kupita kiasi, akilalamika kama mtu anayelalamika kwamba amekula akashiba. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake la choo, na hakuna aliyehesabu nani anaingia. Niliteremka nikiwa nimenuna. Alifukuzwa, akaangukia juu! Mimi niliyekubaliwa nilikuwa bado nalipa, na kilichobaki baada ya kodi hakikutosha kununua hata mbuzi.

Wiki ile ya kuhama alikuja mlangoni kwangu.

“Mwalimu,” akaniambia, “weye uko na maandishi ya muzuri. Utuandikie namba ku mbao.”

Ni lazima nieleze. Nyumba ya mbao ikibomolewa, kila ubao huandikwa namba kwa makaa, upande wa ndani ambako mvua haifiki, ili kule inakokwenda irudi kama ilivyokuwa. Kila ukuta unapewa herufi, na namba zinaanzia chini kupanda juu. Mbao za ukuta mmoja zina urefu sawa, jicho haliwezi kuzitofautisha, lakini kila moja imerandwa kufuata mgongo wa jirani yake. Ukizichanganya, zinakataana. Kazi ya namba hupewa mtu ambaye maandishi yake hayabishaniwi. Pale mtaani mtu huyo alikuwa mimi.

Niliandika ukuta wa mbele vizuri. Niliandika wa nyuma na wa kulia. Jirani alikuwa pembeni na watoto, wananyoosha misumari kwa mawe na kuitia ndani ya kopo, naye akawa ananieleza mipango yake. Kule juu angeigawa nyumba. Upande wa kushoto angetoboa mlango wa peke yake.

“Ile chumba ya kushoto, nitaiweka mutu,” akasema, akiwa amebana msumari mdomoni.

Nikasimama na kipande cha makaa mkononi. Kwa hiyo angekuwa na mpangaji. Juzi alifukuzwa, na sasa yeye ndiye angekuwa mwenye nyumba, wa kugonga mlango wa mtu mwisho wa mwezi! Nikageukia ukuta wa kushoto, nikaandika D, na chini ya D nikaandika namba kama zilivyonijia. Ubao wa tano nikauita tisa. Wa tisa nikauita wa pili. Niliziandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Siku iliyofuata ilikuwa salongo, kazi ya mikono ya mtaa mzima. Kwetu nyumba haibebwi na gari. Inabebwa na watu. Majirani wote walikuja, kila mmoja akachukua anachokiweza, na nyumba nzima ikapanda kilima kwa mstari, mabati mbele yakiwaka jua, mlango wa buluu juu ya kichwa cha fundi. Nami nilibeba. Ungebaki nyumbani watu wangeuliza kwa nini. Nilibeba mbao mbili za D begani, shingo ikaniuma siku tatu.

Mawingu yalikuwa yanakusanyika, na desturi ni kwamba nyumba inayohamishwa lazima ipate paa siku hiyohiyo. Mafundi walipigilia bila kuangalia mara mbili. Walisoma namba, wakaita namba, wakagonga. Kuta tatu zilikaa kama zilivyozaliwa. Ule wa kushoto ulikataa, wakabadilishabadilisha mbao kwa haraka bila kujali namba tena, na ulipomalizika ulikuwa na nafasi za kupitisha vidole, na mvua ikaanza. Fundi mkubwa alitukana mikaratusi, akasema ni miti isiyo na adabu, inajipinda ikichoka. Jirani akasema si kitu, njia ilikuwa ndefu. Akatugawia sombe ya majani ya mihogo na maharage, na pombe ya kasiksi kwa wanaokunywa. Nilikula sahani mbili.

Miezi ikapita. Mume wangu alikuja kutoka machimboni, akakaa majuma matatu, akarudi, na aliacha alichoacha. Niliifunika mimba kwa vitenge kadiri nilivyoweza, lakini mwenye nyumba alikuwa na jicho la mkunga. Alinikuta nafagia uwanja, akaniangalia tumbo, halafu akaangalia nyuma, kwenye choo chake.

“Mwalimu,” akasema kwa upole, “ile choo haiko ya batu bengi. Utafute fasi ingine.”

Nilitafuta mji mzima. Kila mlango niliulizwa swali lilelile, na kila mahali tumbo lilijibu kabla yangu. Kule juu viwanja vilikuwa vimeshapata bei nyingine. Waliopanda mapema walikuwa wameupandisha na mlima wenyewe. Nilibaki na siku nne, mabinti wawili, magodoro mawili na tumbo, na sikuwa na mahali pa kuvipeleka.

Jirani alisikia sokoni. Akateremka mwenyewe, miguu ina matope hadi magotini, akaanza kukunja godoro langu kabla hajakaa.

“Chumba iko,” akaniambia.

Nikamuuliza mpangaji wake amekwenda wapi.

“Mupangaji gani? Sikuiweka mutu. Ile chumba ilikuwa yako toka siku uliandika namba. Niliona huyu muzee atakufukuza na weye siku moja.” Akafunga kamba. “Ningekuambia wakati ile, ungesema nakuhurumia. Weye uko na kiburi, mwalimu. Nikasema, tungoje.”

Nilibeba sufuria zangu nikamfuata kilimani, na sijawahi kupanda njia ndefu kama ile.

Nilijifungulia humo, msichana wa tatu. Upepo wa kule juu ni wa baridi, na unaingia kwa ukuta wa kushoto kama mtu mwenye funguo. Niliziba nafasi kwa makatoni ya sabuni kutoka dukani kwa jirani, kwa vitambaa, kwa kurasa za madaftari ya zamani. Usiku mtoto alikohoa. Mchana nilikaa kitandani nikimnyonyesha, na mbele ya macho yangu, upande wa ndani ambako mvua haifiki, zilikuwepo namba zangu za makaa, nzuri, zimenyooka, kila moja mahali isipopaswa kuwa.

Binti yangu mkubwa alikuwa katika mwaka ambao mtoto anasoma kila kinachosomeka. Asubuhi moja alisimama kitandani, akaweka kidole ukutani, akaanza chini.

“Moja. Tisa. Tatu. Sita. Mbili.” Akageuka. “Mama, nani aliandika hizi? Huyu hajui kuhesabu.”

Jirani alikuwa mlangoni na bakuli la uji wa mtama, alilokuwa akiniletea kila asubuhi tangu nijifungue. Alisimama palepale. Aliutazama ukuta kutoka chini hadi juu, polepole, midomo yake ikisoma. Chumba kile alikuwa amekifunga hadi nilipohamia, na tangu hapo hakuwa na sababu ya kuzisoma namba zile. Tena aliujua mwandiko wangu. Ubao wa bei za duka lake niliuandika mimi.

“Ni mimi,” nilimwambia binti yangu, lakini nilikuwa namtazama mama yule. “Najua kuhesabu. Nilikuwa na wivu.”

Niliona neno linamwingia. Niliona anakumbuka makaa, msumari mdomoni, na alichokuwa ananiambia wakati naandika. Uso wake ulijifunga kama duka. Nilimkumbatia mtoto, nikaanza kuhesabu moyoni vitu vyangu na wapi nitavipeleka.

Aliweka bakuli kwenye kiti. Akapitisha vidole kwenye nafasi iliyo juu ya kichwa cha mtoto, akaacha mkono pale, upepo ukimpiga.

“Kesho nitaomba nyundo kwa fundi,” akasema. “Batoto watanyoosha misumari. Weye utaandika upya, na nitasimama hapa naangalia.” Akafika mlangoni, akageuka. “Kunywa uji, isipoe.”

Nilikunywa. Ulikuwa na sukari ya kutosha, kama kila siku. Wengine wangeshukuru tu na kunyamaza. Mimi nilikaa na bakuli lile tupu nikimsikia nje akiwaita watoto wake wanane, sauti ileile ya jana, nikawaza jinsi mtu anavyoweza kuwa na nafasi kubwa hivyo ndani yake, na mimi nisiwe na hata kona. Hata hilo nilimwonea wivu.