Ngazi ya Mume Wangu

Mume wangu ni fundi rangi, na tangu aanguke anaiogopa ngazi kuliko deni. Mguu uliunga, ila goti halikunjiki vizuri. Hilo angelivumilia. Kilichommaliza ni nyapara wake kumwambia mbele ya mafundi wote: "Wewe sasa ni wa kupaka chini. Juu waachie wenye miguu." Siku hizi asubuhi anakaa kitandani na kiatu mkononi, havai.

Na rangi hupakwa kuanzia juu, ili ikidondoka idondokee ambapo hapajapakwa. Wa chini hana kazi mpaka wa juu amalize. Basi anashinda kasimama na brashi kavu, wenzake wakimwita Mzee Msubiri. Juzi nyapara kasema asiyepanda atafute kazi nyingine.

Mimi sina subira. Dada yangu alipotaka sebule yake ipakwe, nikamwambia, "Fundi ni shemeji yako, peke yake. Leo atapanda, atake asitake." Mdomo wangu huu, jamani.

Akapanda. Karibu na dari akaganda. Ndoo ikamponyoka, rangi ikatapakaa sakafuni. Akaikumbatia ngazi, macho kafumba.

"Mke wangu, siwezi kushuka."

Sauti haikuwa yake. Moyo ulinipasuka; nilimwona tena kalala chini kama siku ile, mguu umegeukia kusikokuwa kwake.

Dada ametoka, hakuna wa kumwita. Nikapanda kumfuata. Katikati nikatazama chini, na miguu ikaanza kutetemeka, ngazi ikatetemeka nayo, naye yuko juu yangu. Nikalia kwa hofu.

"Tutakufa wote," nikasema.

"Usitazame chini, tazama ukuta," akasema. "Shusha mguu wa kushoto. Taratibu. Sasa mkono." Alinielekeza hivyo mpaka nikakanyaga sakafu, naye akinifuata, goti bovu likitangulia.

Tukakaa palepale kwenye rangi, tunahema.

"Kule juu kabisa siwezi tena," akasema.

Nilitaka kumbishia. Badala yake nikaiinua ndoo.

Akainuka, akatafuta ufito mrefu, akaifunga brashi nchani kwa kamba. Kisha akakanyaga kipandio cha kwanza, akanigeukia.

"Nishikie ngazi. Na usiiachie, hata nikikwambia niko sawa."

Nikaishika mpaka vidole vikafa ganzi.