Ufunguo wa Pili wa Kufuli Namba Kumi na Nne

Bwana Kofia alikuwa msumbufu, na nasema hivyo huku nikimpenda. Miaka kumi na tisa tulifanya kazi pamoja katika kampuni ya kuhudumia majengo, mimi mtunza stoo, yeye msimamizi wa usalama kazini, na hakupita mbele ya kaunta yangu hata siku moja bila kunikuta na kosa. Mara ngazi imeegemezwa vibaya, mara glavu za umeme zimekaa karibu na mafuta. Mafundi wa pampu na lifti walimpa jina hilo kwa sababu, walisema, hata chooni huingia na kofia ngumu kichwani. Yeye alicheka tu. "Haya chekeni," alisema, "kichwa hakina spea."

Wazazi wake walifariki mapema, akamlea mdogo wake wa kike mpaka akaolewa. Mume alikuwa fundi hodari, mpole, lakini msahaulifu kupindukia. Bwana Kofia akamtafutia shemeji yake kazi kwetu, upande wa pampu.

Kwetu sheria kubwa ni ya kufuli. Kabla fundi hajagusa mashine, huzima swichi yake, huifunga kwa kufuli lenye namba yake mwenyewe, na ufunguo hutia mfukoni. Ukiona kufuli, jua kuna mtu kwenye mashine. Halifunguliwi na mwingine, hata awe mkurugenzi. Kufuli jipya huja na funguo mbili, na ule wa pili ilikuwa kazi yangu kuuponda kwa nyundo mbele ya mwenyewe.

Shemeji alikuwa namba kumi na nne. Mara tatu alimaliza kazi akaenda zake nyumbani na ufunguo, kufuli kaliacha kwenye swichi, watu wakakosa maji hadi afuatwe. Bwana Kofia alimkaripia, akamtania pia: "Shemeji, iko siku utamsahau hata dada yangu sokoni." Lakini simu za wapangaji zilimchosha. Tulipompa shemeji kufuli jipya, Bwana Kofia alinijia pembeni. "Ule wa pili usiuponde. Nipe mimi, wa dharura." Nikampa. Mwenye sheria ndiye aliyeniomba, ningesemaje? Ndivyo nilivyojidanganya, na mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana. Meneja wa jengo moja la ghorofa kumi alipiga simu akifoka kwamba maji hakuna, na mlinzi amemwona fundi akitoka na begi lake. Bwana Kofia akampigia shemeji, simu haikupatikana. "Amerudia tena huyu!" akasema, akaondoka na ule ufunguo. Kule jengoni chumba cha umeme kipo mlangoni tu unapoingia. Pampu ipo chini ya ardhi, ngazi thelathini na nane, na magoti yake yalikuwa yakimuuma tangu mvua zianze. Hakushuka. Alifungua kufuli, akalitia mfukoni, akawasha swichi.

Shemeji alikuwa ametoka kununua mpira wa pampu, akarudi kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameinama kule chini, ambako simu haishiki mtandao, mkono wake ndani ya mashine. Alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika.

Bwana Kofia alisema aliikuta swichi imezimwa, haina kufuli. Watu wote wakaamini, maana walimjua marehemu. Mimi nilishuku, nikanyamaza. Niliogopa, basi.

Mazishini mjane hakutoa chozi. Alikuwa na hasira na maiti. "Kila asubuhi nilimwuliza, umechukua akili zako? Leo ameniachia mabinti wawili kwa kusahau kufuli!" Kaka yake alikuwa amesimama ubavuni pake, akitazama chini.

Wiki moja baadaye mjane alikuja stoo kurudisha vifaa vya kazi. Bwana Kofia alikuwa kwenye kaunta yangu, mbele yake ripoti ya ofisi: marehemu hakufunga kufuli. Ilisubiri sahihi yake tu. Alikuwa na kalamu mkononi tangu asubuhi.

Mjane akaweka buti, akaweka kofia, mkanda, sare aliyoifua na kuipiga pasi. Kisha akafungua kitambaa alichofunga fundo.

"Na huu sijui ni wa wapi, kaka. Nilipewa pamoja na nguo zake, ulikuwa mfukoni. Nimejaribu kabati, nimejaribu masanduku yote, hata mlango wa choo. Hauingii popote."

Ulikuwa ufunguo mdogo, umechongwa namba kumi na nne.

Nilimtazama Bwana Kofia. Angeweza kusema hajui, na mimi, Mungu anisamehe, ningenyamaza tena.

"Ni wa kufuli lake," akasema. "Alifunga, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyefungua. Nilikuwa na wa pili."

"Na mimi ndiye niliyempa," nikasema. Mjane hakunitazama.

"Alifunga?"

"Alifunga."

"Hakusahau?"

"Siku ile hakusahau."

Ndipo alipolia. Alichukua ile sare akajifunika nayo uso, akawa anamwomba mumewe radhi kwa maneno yote aliyomtolea mbele za watu. Aliponyamaza aliisukuma ile ripoti hadi kwenye kifua cha kaka yake. "Andika kwamba alifunga."

Bwana Kofia akakata mstari wa ofisi, akaandika ukweli wote kwa mkono wake, akatia sahihi. Nami nikaandika wangu chini yake. Mjane akauchukua ufunguo. "Huu siurudishi," akasema, akaondoka.

Bwana Kofia alifukuzwa kazi na kufikishwa mbele ya sheria, mimi nikapewa onyo. Siku hizi napondaponda ufunguo wa pili mpaka mafundi wananiambia inatosha, mama.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kwa dada yake. Binti mkubwa alitufungulia, akamshika mkono kwa furaha, akaita kuelekea jikoni: "Mama, mjomba amekuja!"

Mama yake hakutoka. "Mwambie mgeni akae," akajibu. "Mpe maji."

Bwana Kofia akavua viatu mlangoni, katika nyumba ya mtoto aliyemlea mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wageni.