Duara Jekundu Nililomchorea Beki Wetu

Wachambuzi wa mpira kwenye runinga siwapendi, na nikiri mapema kwamba sijawahi kukosa kipindi chao kwa hiari. Nawaangalia kama mtu anavyokuna upele: anajua unazidi, na bado anakuna.

Banda letu la mpira hapa Kiegeani ni la makuti. Mwenyewe ni mama mmoja anayeuza kahawa na kashata humo humo, na ulimi wake haumwogopi mtu. Mechi za saa kumi jioni ndizo zinazojaza. Ikifika mapumziko, hatoki mtu, kwa sababu ndipo wanapotokea wale watatu wenye suti, mmoja amebanwa na koti mpaka anapumua kwa zamu. Goli limeshaingia, dunia nzima imeliona. Yeye anasimamisha picha, anamchorea beki duara, kisha anachora mshale kuonyesha alipotakiwa awe. Alitakiwa awe pale mpira ulipopita! Hata kuku wa mama mwenye banda angesema hivyo, naye asingedai avalishwe koti. Mtu aliyesimamishwa kwa rimoti siku zote anaonekana mvivu. Mshale wa kuonyesha alikotoka na nani alimwacha peke yake, huo hawauchori.

"Kakaba kwa macho," husema yule wa koti.

Na banda zima linapokea.

"Kalala yule!"

"Hajalala tu, anaota kabisa."

"Nyie na huyo mchambuzi mmezaliwa tumbo moja," mama mwenye banda huwajibu. "Mpaka goli liingie ndiyo mnapata akili."

"Kwani wewe, mama, unajua kabla?"

"Mimi najua nani hajalipia kahawa. Hilo linanitosha."

Hapo ndipo nilipokuwa nasimama mimi. Nilikuwa nawaeleza kwamba beki wa pembeni akipanda lazima namba sita azibe, kwamba kukaba ni kazi ya watu kumi na mmoja, na kwamba anayeonekana amekosea mara nyingi ndiye aliyefika wa mwisho kwenye kosa la mwenzake. "Kaa chini, profesa, unaziba kioo," walisema. Sijasomea popote. Mpira nilijifundisha kwenye simu, kama nilivyojifundisha kutengeneza simu zenyewe, na nina daftari la mifumo ambalo nikikosea mstari mmoja nachana ukurasa mzima naanza upya. Kwa hiyo niliwadharau wote, wale wa kwenye kioo na hawa wa kwenye mabenchi. Nilijiona mimi ndiye mwenye haki.

Mtu mmoja tu alikuwa ananisikiliza: beki wa kushoto wa timu yetu, mtoto wa mama yangu mdogo. Kazi yake ni kukwea minazi. Hana maneno mengi, na aliamini kwa dhati kwamba naujua mpira.

Timu ya kijiji cha Bweni ilikuja kucheza kwetu. Walichelewa kwa sababu ya barabara, wakashuka wamejaa vumbi mpaka kope, tukawacheka, halafu wakatufunga moja bila. Goli lilitokana na kona ya mwisho mwisho. Mrefu wao mmoja aliachwa peke yake akapiga kichwa. Ndugu yangu, aliyevaa namba tatu, alikuwa ameganda kwenye mlingoti wa goli. Mimi nilikuwa nyuma ya goli narekodi kwa simu.

Kabla ya Isha nilikuwa nimeshakitengeneza kipande. Nilikata mwanzo ili kiwe kifupi. Nikaondoa sauti, maana upepo na kelele za watu zilinikera, nikaweka yangu. Nilimchorea ndugu yangu duara jekundu. Nilirekodi maelezo mara tisa ili sauti itoke nzito: "Tazameni namba tatu. Anakaba kwa macho. Ameganda mlingotini kama aliyepigiliwa misumari." Nikakituma kwenye grupu la timu.

Kusema kweli, zile alama za kicheko zilipoanza kumiminika nilisikia utamu ambao sikuwahi kuupata kwa daftari langu lote. Asubuhi yake kina mama waliokuwa wakitoka kuvuna mwani baharini walimsalimu ndugu yangu, "Macho, hujambo?" Jina likashika. Na kocha wetu, ambaye ni ustadhi wa madrasa na hana masihara, aliandika kwamba mechi ya Ijumaa na Kilindoni namba tatu atakaa benchi.

Kukaa benchi siku hiyo halikuwa jambo dogo. Ndugu yangu alikuwa amepeleka posa Kilindoni, jibu lilikuwa bado halijatoka, na mwenyewe kwa mdomo wake alikuwa amewaambia kaka zake binti aliyemposa: Ijumaa njooni mnione. Sasa wangekuja kumwona amekaa, huku watu wakimwita Macho.

Mimi hilo sikulifikiria. Kilichonisumbua ni duara. Nilipokitazama tena kipande changu niliona kwamba duara lilichelewa kumfuata kichwani, kiasi cha upana wa kidole. Sikuweza kufanya kazi nyingine. Nikaifungua video yenyewe, ile isiyokatwa, nikavaa spika za masikioni ili nirekebishe.

Nilisikia upepo. Nikasikia watu wa Bweni wakipiga makofi. Kwenye zile sekunde nilizozikata, namba tatu anaondoka mlingotini, hatua ya kwanza, ya pili, anamwendea yule mrefu. Kisha sauti kali kutoka nyuma ya goli: "Namba tatu! Rudi mlingotini! Usitoke! Kaa hapo hapo!" Anageuza kichwa kumtazama anayepiga kelele. Anarudi. Kona inapigwa.

Sauti ile ilikuwa yangu.

Sikukumbuka kabisa kwamba nilisema neno. Nilirudia kusikiliza nikitafuta iwe ya mtu mwingine. Halafu niliifuta video. Ndiyo, niliifuta, na nikakaa na amani kwa muda wa kunywa chai, kabla ya kwenda kuirudisha kutoka kwenye takataka za simu.

Nilimkuta ndugu yangu juu ya mnazi, nami chini, shingo imenikatika kwa kutazama juu.

"Shuka tuongee, ndugu yangu."

"Sema, nasikia."

"Ile kona. Ni mimi niliyekwambia ukae mlingotini."

Nazi ilianguka. Haikuanguka karibu nami, wala mbali sana.

"Najua," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Nikaseme wapi? Mwenye maneno ni wewe."

"Basi nisamehe."

"Hapa tuko wawili," alisema, na panga likaendelea kukata. "Kule uliponisema tulikuwa wangapi?"

Nikarudi kwenye duka langu la kutengeneza simu kurekodi maelezo ya kumsafisha. Kila nilipojaribu nilitoka kama yule wa koti: "Ukiangalia kwa makini, mazingira ya kona ile yalikuwa na changamoto..." Nilijichukia. Kila jaribio lilikuwa na sentensi mbili za kumtetea yeye na tano za kunitetea mimi. Mwisho nilituma video nzima kama ilivyo, pamoja na sauti zote za uwanjani, bila duara, bila neno langu hata moja la maelezo. Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

"Kumbe mfungaji ni wetu!" aliandika wa kwanza.

"Bweni wamsajili huyu, amewafanyia kazi nzuri."

"Profesa, na hapo umeziba kioo?"

Mama mwenye banda alituma ujumbe wa sauti ambao haukuwa na neno, ni kicheko chake tu, mwanzo mpaka mwisho. Ustadhi aliandika baada ya Alasiri: "Namba tatu ataanza Ijumaa. Beki anayesikiliza shabiki naye ana kosa, hilo nitaongea naye mwenyewe. Na wewe mchambuzi, ukionekana nyuma ya goli nitakutoa kwa mkono wangu."

Ijumaa nilisimama upande wa mbali, katikati ya uwanja, simu mfukoni. Kaka za yule binti walikuwapo, wawili, wamevaa kanzu na kofia safi na hawacheki ovyo. Mechi haijachanganya, winga wa Kilindoni alimpita ndugu yangu kama hayupo, akapiga shuti likatoka nje kidogo tu. Watu walipiga ukelele. Mzee mmoja aliyesimama ubavuni kwangu, ambaye bila shaka video ilimfikia, alinigusa bega.

"Haya, mchambuzi. Huyo kakosea wapi?"

Nilikuwa nimeona kila kitu. Alitanguliza mguu wa ndani, aliingia mapema, namba sita alikuwa mbali. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, imenyooka, wala haikuhitaji kurudiwa mara tisa.

"Sijaona, mzee."

"Umesimama hapa hapa, hujaona?"

"Sijaona."

Alinitazama kwa dharau, akasogea kwenda kumuuliza mtu mwingine, na huyo wa pili alianza kumweleza kwa kirefu.