Josephina wa Uji Baridi

Josephina Nikolao wa Chilangala, wilayani Newala, alianza kupiga ngoma za kwaya akiwa na miaka kumi na mitatu, baada ya mpigaji wa kanisa kuhamia Masasi. Baba yake, katekista, alimruhusu kwa wiki mbili tu, mpaka apatikane mwanamume. Alipiga miaka tisa.

Mwaka 2011 kanisa lilimpeleka Uswidi kujitolea kwa mwaka mmoja kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huko akakutana na Oscar, mwimbaji wa bendi ya roki ambayo jina lake, kwa lugha yao, maana yake ni Uji Baridi. Mpigaji ngoma wao alikuwa ameoa na kuacha muziki. Walimjaribu Josephina kwenye gereji, na wimbo wa kwanza aliumaliza kabla yao. Wakamchukua. Mwaka mmoja ukawa minane.

Uji Baridi walitoa albamu mbili, nyimbo zao zikapigwa redioni, wakazunguka miji ya baridi kali kwa gari ambalo hita yake ilimfikia dereva peke yake. Waandishi wa habari walipenda kumuuliza kama alifundwa ngoma porini. Aliwajibu kwamba alijifunzia kwenye tenzi za Jumapili, nao hawakuliandika hilo. Mama yake, Yuliana, alipotumiwa wimbo kwa simu, aliuliza kwa upole huyo kijana anayeimba anaumwa wapi.

Kisha Oscar akanunua mashine ya kupiga ngoma. Akamwambia Josephina kwamba albamu ya tatu ingekuwa ya kisasa, na yeye angetikisa kayamba. Josephina alifunga mizigo, akarudi Newala kufundisha kwaya. Albamu ile haikununuliwa. Kila walipopanda jukwaani, watu waliuliza aliko Josephina.

Mwaka 2023 Oscar alifika Chilangala mwenyewe, amebabuka pua kwa jua. Yuliana alipotoka nje, mgeni akawahi kusema "Marahaba." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alimpa maji nusu kikombe, maana kisima kilikuwa kimekauka, na Oscar akayanywa polepole kama dawa.

Alisema bendi inavunjwa, limebaki onyesho moja la kuaga.

"Nilikukosea," akamwambia Josephina. "Bila wewe tulikuwa tunapiga kelele tu."

"Hata nikiwepo mlikuwa mnapiga kelele," Josephina akajibu. "Ila zilikuwa na mpangilio."

Alikubali kwenda, kwa sharti kwamba mashine ibaki nyumbani. Septemba walipiga kwa muda wa saa mbili mbele ya watu elfu tatu. Alilia katika wimbo wa mwisho, mikono ikiendelea na kazi yake.

Alirudi Chilangala, akawahi msimu wa kuokota korosho. Alikuta kwaya imegawanyika: sauti ya tatu na ya nne hazisalimiani kwa sababu ya rangi ya sare. Akaweka begi chini, akawaita wote kanisani.