Barua Aliyovuka Nayo Mto

Baba yangu alikataa kwenda kupasuliwa moyo mpaka atakane radhi na walimwengu wote. Sifanyi mzaha. Daktari keshasema mshipa umeziba, kitanda kipo, siku imepangwa, na yeye kakaa sebuleni kwetu Hail, hapa Maskati, na simu sikioni, anampigia huyu na yule. "Nisamehe, niwie radhi, dunia na akhera." Alimpigia mpaka fundi wa gari wa mtaa wa Ghala, Mhindi wa watu, kwa sababu aliwahi kumwita mwizi mbele ya wateja. Yule Mhindi hakufahamu anaombwa nini. Akadhani gari limeharibika tena, akasema lete, lete.

Nilicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la hasira. Kwetu ni desturi kutakana radhi kabla ya hija au kisu cha daktari, na ni jambo zuri, wala silipingi. Lakini moyo wenyewe ndio huo umechoka, na yeye kila simu moja analia mara mbili. Nikamwambia, "Baba, Maskati nzima umeshaimaliza. Nani tena kabaki?"

Akatazama zulia. "Ami yako," akasema.

Ami yangu ndie mdogo wake baba. Sisi asili yetu Mikindani, kusini kabisa mwa Tanganyika, ingawa Kiswahili chetu kimeshachanganyika na cha Waunguja waliotuzunguka hapa. Baba na ami ni baba mmoja, mama mbalimbali. Mama yake baba alikuwa Mwarabu. Mama yake ami alikuwa Mmakua wa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, wakati huo nchi bado iko mikononi mwa Wareno. Walilala mkeka mmoja, wakala sinia moja, na hakuna aliyewatenganisha mpaka vita vya kuwaondoa Wareno vilipopamba moto. Ami akasema wanaouliwa kule ni wajomba zake, akajiunga na wapiganaji.

Baba alikuwa keshahamia Oman, kamuoa mama, wanakaa vyumba viwili Matrah. Habari zilipomfikia alimtumia mdogo wake maneno kwa msafiri: "Kama umewachagua wajomba zako, kakae nao. Kwetu usirudi."

Ami akajibu kwa barua. Naijua kwa moyo, maana mama alikuwa akitusomea kila anapopanga kasha lake. Karatasi ya daftari, penseli, herufi za Kiarabu kama walivyoandika watu wa zamani. Nusu nzima ni salamu, kataja mpaka mbuzi. Halafu anasema: "Kaka, keshokutwa navuka mto. Niwie radhi. Nikifa, usiseme kafa mtoto wa yule mwanamke. Sema, ndugu yangu kafa."

Baba hakujibu, na hilo halikuwa siri nyumbani kwetu. Barua zetu zilikwenda hivi: baba anasema, mama anaandika. Hati ya baba ilikuwa haisomeki hata na yeye mwenyewe, na mama alisoma chuo cha Kurani vizuri, akiwaandikia majirani wote wa Matrah. Siku ile mama alikaa na kalamu yake, anangoja aambiwe. Baba akamwambia, "Weka kalamu. Huyo hana jibu."

Ami hakufa. Alirudi na mguu mmoja, nchi ya wajomba zake ikapata uhuru wake, akaoa, akazeeka palepale Mikindani. Yeye na baba wakapigiana simu siku za idi na za misiba. Hali vipi, alhamdulillahi, watoto hawajambo. Ya barua hayatajwi. Ila baba akizungumza na mdogo wake husimama, sijui kwa nini, kama anazungumza na mkubwa wake wa kazi.

Siku hiyo pia alisimama. Nikapiga, nikaweka spika.

"Mdogo wangu, nnakwenda kupasuliwa. Niwie radhi."

"Radhi ya nini, kaka?"

"Ile barua yako ya vitani."

Ami akacheka. "Loh! Si ulinijibu? Jibu lako nilivuka nalo mto. Nililishona ndani ya shati. Nenda kwa daktari wako na moyo mweupe, kaka. Nimekusamehe, dunia na akhera."

Simu ikakatika. Baba akakaa, au niseme alianguka kitini. Mama alikuwa pembeni anakata bamia. Kisu kilisimama. Sote wawili tukamgeukia.

"Ni mimi niliyemjibu," akasema, akaendelea kukata.

"Uliandika nini?" baba akauliza.

"Niliandika, ukirudi mzima wewe ni ndugu yangu, na ukifa wewe ni ndugu yangu. Nikatia jina lako, nikampa msafiri."

"Umenitia uongo mdomoni!"

"Uongo?" Hapo mama aliweka kisu chini. "Nimekutia utu. Siku ile ulikuwa huna."

Subhanallah! Tangu nimezaliwa sijapata kumsikia mama akimjibu baba hivyo. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumgombeza. Umri mzima anatusomea barua ya ami, na kila akifika mwisho anaikunja, anairudisha kashani, hasemi neno.

Mie nikaona basi, yamekwisha. Radhi si imeshatoka? Twende hospitali. Kumbe ndio kwanza yanaanza. Baba akagoma kula. Akasema amepewa radhi kwa jambo ambalo hakulifanya, na hiyo si radhi, ni wizi. Lazima amwambie ami ukweli kabla ya kisu. Na kila akiishika simu, anaiweka.

Nikapandisha, wallahi. Mie nikikasirika sijui kunong'ona. "Baba, utakufa kwa ukaidi! Yule mzee barua ile ndio kitu pekee alichokipata kwako. Kavuka nayo mto, kapigana nayo, kapoteza mguu nayo. Leo unataka kumnyang'anya ili wewe ulale vizuri?"

Nikajua nimemchoma. Halafu akasema taratibu, "Na mie nikifa huko ndani, mdogo wangu atakuwa kaitwa ndugu na mama ako. Si na mie."

Nikaenda jikoni kugombana na masufuria.

Asubuhi ya kulazwa niliwatia garini wote wawili, baba mbele, mama nyuma na kikapu cha nguo. Barabara kuu ilikuwa imejaa kama kawaida ya saa ile, na tulipofika usawa wa Ghala foleni ikasimama kabisa. Baba akasema, "Mpigie."

"Baba, tafadhali."

"Mpigie, mwanangu."

Nikampigia. Ami akapokea, akaanza salamu. Baba akamkatiza, jambo ambalo yeye hafanyi. "Ile barua sikuandika mie. Kaandika shemegi yako. Mie nilikataa kukujibu."

Nikasikia jogoo anawika Mikindani. Nikasema moyoni mwangu, haya, keshamuua mzee wa watu.

"Najua," ami akasema.

Baba akainua kichwa.

"Nilijua siku ileile nilipoifungua. Wewe kaka, tangu tuwe wadogo, lini umewahi kunambia neno tamu kama lile? Nikasema huyu ni shemegi, Mungu amlipe. Nikaishona shatini vivyo hivyo. Mtu hendi vitani mtupu."

Nyuma mama alijifunika uso kwa mtandio.

"Na miaka yote hii hukusema?" baba akauliza. "Na juzi ukanambia nimekujibu?"

"Juzi ulikuwa unaumwa, kaka. Na miaka mingine ningesema nini? Nilikuwa nakungoja wewe."

Baba akafungua mkanda wa gari. Akaushika mlango, akajiinua kidogo, kichwa kikagonga paa. Alikuwa anataka kusimama.

"Mdogo wangu," akasema. "Wewe ni ndugu yangu."

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Foleni ilikuwa imefunguka mbele yetu, na mie barabara siioni kwa machozi.

"Sema tena," ami akasema.