Shangazi Alingoja Ujumbe Wangu wa Tembo

Kosa ni langu, aliyelilipia ni shangazi yangu. Nalisema hapa kwa sababu kwake nimeshindwa kulisema.

Natengeneza mifumo ya kompyuta hapa Kibiti. Tulitengeneza mmoja wa kuwaonya wakulima wa Mloka: tembo wakionekana, wenye mashamba ya karibu wanapata ujumbe kwenye simu. Shangazi analima mpunga huko, shamba la kuazima. Nikajitapa kwake! Nikamwambia ashuke kwenye dungu analolindia mpunga, akalale nyumbani kijijini, simu itamwamsha.

Akashuka. Aliniamini mimi!

Sasa sikieni ujinga wangu. Kwenye orodha ya mashamba kulikuwa na kichujio, yaani sharti linaloamua shamba lipi lionywe. Orodha ya wakulima imeunganishwa nayo, kwa hiyo ningeuambia tu mfumo utumie sharti lilelile. Mimi, kwa haraka zangu, nikaliandika upya upande wa wakulima. Baadaye tukaambiwa mashamba ya kuazima nayo yaingie. Nikarekebisha upande wa mashamba, upande wa pili nikausahau kabisa! Shamba la shangazi likahesabiwa linalindwa, na yeye mwenyewe hayumo kwenye orodha ya kutumiwa ujumbe.

Tembo walipokuja, majirani waliopata ujumbe wakapiga madebe. Tembo wakahamia kwake. Asubuhi alikuta mpunga wote umelala chini, na alikuwa ameshanoa visu vya kuvunia.

Nilipofika hakunilaumu.

"Simu haikulia, mwanangu," alisema. "Nikajua hawajaja."

Nikamjibu labda mtandao ulisumbua. Jamani, ulimi huu! Kosa nilishaliona, nikalirekebisha kimyakimya, na ofisini hakuna anayejua. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi yangu bado naitembea.

Wenzangu mnaoandika mifumo, sharti moja liandikeni mahali pamoja, kila orodha inayolihitaji ilichukue hapohapo. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla aibu haijaota mizizi.

Mimi sikusema. Msimu huu shangazi amelima tena, na kila jioni, na goti lake bovu, anapanda kilima cha nyuma ya nyumba kutafuta mtandao. Juzi alinipigia kutoka hukohuko juu, anahema, ananieleza kwa furaha kwamba pale unashika vizuri sana.

Nikamwambia, "Vizuri, shangazi."