Khitma Iliyosomwa Mara Mbili

Aibu hii nilinuia nife nayo, lakini kwa kuwa kijiji kizima cha Mgogoni wanaijua na wanaisimulia vibaya, bora niisimulie mwenyewe niliyeifanya.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Shangazi yangu, Bi Time, alitaka kualika watu kwenye khitma ya marehemu mumewe, na badala ya kumtuma mtu apite nyumba kwa nyumba kama ilivyo desturi, nikamwambia kazi hiyo aniachie mimi na programu yangu, inayofanya kazi mezani kwangu wiki ya sita bila kuzimwa (na nilivyojisifia kwa hilo, utadhani nimefuga ng'ombe). Kila dakika inaiuliza databesi, yaani ghala la majina na namba lililo kwenye kompyuta nyengine huko Unguja, kama kuna ujumbe haujatumwa. Ukiwepo inawatumia watu kwenye simu zao, kisha inarudi ghalani kuandika "umetumwa". Siku naitengeneza nilijiuliza, je, mawasiliano na ghala yakikatika? Nikaandika mstari mmoja: subiri, yakirudi anza upya. Nikaenda kunywa chai.

Alhamisi ujumbe ukatoka: "Leo baada ya adhuhuri, khitma kwa Bi Time. Karibuni." Watu wakaja, wakasoma, wakala pilau, wakaenda zao. Nisilolijua ni kuwa ujumbe ulipokwisha kutoka tu, kabla haujaandikwa "umetumwa", mawasiliano yakakatika, na programu yangu ikasubiri siku mbili, haifi wala hailalamiki, mpaka yaliporudi Jumamosi asubuhi, ikatazama ghalani, ikaona ujumbe haujatumwa, ikautuma. Leo baada ya adhuhuri.

Sasa kwetu mtu akiitwa khitma haulizi, maana kumpigia mwenye nyumba kuhakikisha ni kama kumuuliza kama kweli kapika. Anavaa kanzu anakwenda. Na mimi nikavaa. (Ndiyo, ujumbe wangu mwenyewe ulinifikia, nikasema masikini shangazi, kaongeza khitma ya pili, na bila shaka mwanawe Asha ndiye aliyeuandika ghalani.) Njiani nikampitia jirani aliyekuwa anasitasita, nikamwambia wito hauachwi.

Bi Time tulimkuta uani anafua. Akatukaribisha; nani atawafukuza watu waliokuja kumwombea mumewe? Mikeka ikatandikwa, wanaume karibu hamsini tukakaa, nami mbele, ubavuni mwa Shehe. Nimefika nusu ya juzuu yangu, Asha akaniita mlangoni. Shangazi alikuwa nyuma ya pazia, mikono ina povu.

"Baba, nani kakuiteni?"

"Si wewe, shangazi? Ujumbe huu hapa."

Akautazama. "Huu si wa Alhamisi?"

Nikautazama tena na mimi.

"Mie jikoni sina hata kibaba cha mchele," akasema, sauti inamtetemeka. "Watu watoke kwangu na njaa, kwa jina la mume wangu? Weye utawambiaje?"

Hata siku ya maziko sikumwona vile. Nikarudi barazani, nikasimama mbele ya watu wote, nikaeleza mawasiliano yalivyokatika, ghala, mstari wangu mmoja, kila kitu. Walinisikiliza kwa adabu kubwa, ambayo ni mbaya kuliko kuzomewa.

"Kwa hiyo aliyetwita ni mashine?" akauliza Shehe.

"Ndiyo, Shehe."

"Na weye mwenyewe ikakwita, ukaja?"

"Nikaja."

Akafunua msahafu. "Basi tumalize. Marehemu hana hasara."

Wakasoma mpaka mwisho, na majirani wanawake, Mungu awalipe, wakaleta kila mmoja alichonacho, muhogo, chai, mikate, hakuna aliyetoka na njaa. Yule jirani niliyempitia alikula akinitazama mimi tu.

Watu walipokwisha kuondoka, shangazi akaniuliza: "Nikimtuma mtu, akasahau kama nyumba fulani keshafika, hurudi akauliza. Hiyo yako haina ulimi?"

Nilisoma miaka mitatu na hakuna mwalimu aliyeniambia hivyo. Jioni ileile nikaitengeneza: mawasiliano yakikatika katikati ya kazi, yakirudi haigusi kitu mpaka ihakikishe kipi kimeshafanyika, na isipojua inaniuliza mimi. Nikaapa sirudii tena jambo nisilojua kama nimeshalifanya. Kesho yake nikamwendea shangazi kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema vizuri sana, baba, na jina lake nilitoe humo ghalani.